Ruta Imezirai, Haijafa: Istilahi na Sarufi ya Kuzindua Ruta ya Nyumbani Baada ya Usasishaji Kukatika

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna lugha tunayotumia kutaja hitilafu ya kifaa inavyoathiri uamuzi wetu wa kukitengeneza au kukitupa. Mfano uliochaguliwa ni ruta ya nyumbani ambayo usasishaji wa programu yake dhibiti umekatika kabla ya kukamilika. Hoja kuu ni kwamba kauli "imekufa" huficha hali tatu tofauti, na kwamba Kiswahili tayari kina vitenzi vya kuzitofautisha: kuchanganyikiwa, kuzirai na kufa. Makala yanaeleza hatua za kuizindua ruta iliyozirai, kisha yanaonyesha jinsi mofimu za Kiswahili zinavyoweza kuamua iwapo hatua hizo zitafaulu.

1. Utangulizi

Katika miji ya ukanda wa chai, kuanzia Kericho na Litein hadi Sotik na Bomet, mtu akiona taa za ruta zimeganda na simu haioni tena jina la mtandao wa nyumbani, husema kwa kauli fupi: "Waifai imekufa." Anayemsikiliza naye huuliza swali moja tu: mpya ni pesa ngapi? Mazungumzo huishia hapo. Ruta iliyogharimu shilingi elfu kadhaa huwekwa juu ya kabati, na nyumba husubiri bonasi ya chai au mshahara wa mwisho wa mwezi ndipo nyingine inunuliwe.

Kwa mwanafunzi wa lugha, hapa pana jambo la kutafakari. Kitenzi kufa hakiachi mlango wazi. Kilichokufa huzikwa, hakipelekwi kwa tabibu. Je, ikiwa kifaa chenyewe hakijafa? Je, ikiwa ni kauli yetu ndiyo iliyokizika kabla ya wakati wake?

Suala hili si la anasa. Shule na vyuo vilipofungwa nchini Kenya mwezi Machi 2020 kutokana na ugonjwa wa korona, wanafunzi wengi walilazimika kufuatia masomo mtandaoni wakiwa makwao. Tangu wakati huo, mihadhara, fomu za serikali na hata mawasiliano na wasimamizi wa tasnifu yameendelea kupitia njia hiyo. Nyumba inayokosa mtandao kwa mwezi mzima kwa sababu ya utambuzi mbaya wa hitilafu hupoteza mengi kuliko bei ya kifaa.

2. Ukanda wa Chai na Umeme Unaokatika

Hali ya hewa inayoistawisha chai ndiyo hiyo hiyo inayoutatiza umeme. Nyanda za Kericho na Bomet hupata mvua karibu mwaka mzima, aghalabu ikiandamana na radi, na eneo hili linajulikana kwa mvua ya mawe. Mikaratusi, ambayo hupandwa kwa wingi ili kutoa kuni za viwanda vya chai, huweza kuangukia nyaya wakati wa dhoruba. Isitoshe, umeme wa taifa zima nao umewahi kutoweka. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru na kusababisha giza nchini kote. Giza kama hilo lilirejea usiku wa tarehe 25 Agosti 2023.

Kiwanda cha chai hakiwezi kuacha majani yakiwa nusu yamekaushwa, kwa hiyo huwa na jenereta. Nyumba ya kawaida haina. Stima ikipotea wakati ruta inajiandikia programu mpya, kazi hubaki nusu na taa husalia zimeduwaa.

Wabunifu wa Kenya walilitambua tatizo la umeme mapema. Mwaka 2013 waanzilishi wa Ushahidi jijini Nairobi walitangaza BRCK, ruta yenye betri yake ndani, iliyokusudiwa kuhimili saa kadhaa za giza. Jina lake lilitokana na neno la Kiingereza la tofali, kutokana na umbo na uimara wake. Msomaji atatambua kinaya kilichopo: mafundi wa kompyuta duniani hutumia sitiari iyo hiyo ya tofali kutaja kifaa ambacho usasishaji umekiharibu, maana kimebaki kuwa uzito mtupu mezani. Neno moja limebeba uimara na uharibifu.

3. Kilichomo Ndani ya Ruta

Ruta ni kompyuta ndogo. Ina kichakataji, na ina kumbukumbu ya kudumu isiyofutika umeme unapozimwa. Kumbukumbu hiyo imegawanywa katika sehemu ambazo tunaweza kuzitaja kwa istilahi zifuatazo.

(a) Kianzishi. Hii ni programu fupi inayoamka kwanza umeme unapowashwa. Kazi yake ni kuviandaa viungo vya kifaa, kuikagua programu kuu na kuiita ifanye kazi.

(b) Programu dhibiti. Hii ndiyo programu kuu. Huendesha mawimbi ya waifai, hugawa anwani kwa simu na kompyuta, na kuonyesha ukurasa wa mipangilio. Usasishaji huiandika upya sehemu hii.

(c) Mipangilio. Hapa hukaa jina la mtandao, nywila na taarifa za mtoa huduma.

(d) Data za kiwandani. Hizi ni anwani ya pekee ya kifaa na vipimo vya redio yake. Kila ruta ina zake, na haziwezi kunakiliwa kutoka kwa nyingine.

Kumbukumbu ya aina hii haiandikwi juu ya maandishi ya awali. Ni lazima kwanza ifutwe, fungu baada ya fungu, ndipo iandikwe. Hii ndiyo sababu kukatika kwa umeme ni hatari: programu ya zamani imekwisha kufutwa, na mpya haijafika mwisho. Baadhi ya ruta hutunza nakala mbili za programu dhibiti ili moja ikiharibika nyingine ishike zamu, lakini nyingi za bei nafuu zina nakala moja tu.

Hata hivyo, kwa kawaida usasishaji haumgusi kianzishi. Mkulima wa chai anaifahamu hali inayofanana na hii. Mchai uliopogolewa hubaki kisiki cha matawi makavu yasiyo na jani, na mgeni anayepita barabarani huweza kudhani shamba limekufa. Mwenye shamba hang'oi kitu. Anajua kwamba uhai umo katika kisiki na mizizi, na kwamba baada ya miezi michache machipukizi yatatokea. Kianzishi ni kisiki cha ruta.

4. Hali Tatu Zinazofichwa na Neno Moja

Kutokana na muundo huo, kauli "imekufa" inapaswa kugawanywa mara tatu.

Ruta iliyochanganyikiwa ni ile ambayo programu yake ni nzima ila mipangilio imevurugika. Taa huwaka kama kawaida, na pengine jina la mtandao huonekana likiwa limebadilika. Tiba yake ni kubonyeza kitufe cha kurejesha mipangilio ya kiwandani kwa takriban sekunde kumi.

Ruta iliyozirai ni ile ambayo programu dhibiti imeharibika lakini kianzishi ni hai. Taa ya umeme huwaka peke yake, au taa zote hujiwasha na kujizima kwa mzunguko usiokoma kwa kuwa kianzishi kinaita programu isiyoitika. Hii ndiyo hali inayofuata usasishaji uliokatika, na inatibika.

Ruta iliyokufa ni ile ambayo kianzishi chenyewe kimefutika au viungo vimeungua, mathalani kwa radi. Hapa kazi ni ya fundi mwenye vifaa maalumu, na wakati mwingine gharama huzidi bei ya ruta mpya.

Faida ya kitenzi kuzirai ni kwamba kinakuja na mwenzake, kuzindua. Aliyezirai hazikwi, hupepewa na kuzinduliwa. Msamiati huu si mgeni kwetu. Tulikuwa nao kabla ya ruta kufika.

5. Hatua za Kuizindua

Kabla ya yote, mwenye ruta asiwe na pupa. Ikiwa umeme haukukatika na usasishaji unaonekana tu kuchelewa, asubiri walau dakika kumi na tano. Ruta nyingi zimeharibiwa na mkono uliochomoa waya mapema. Vilevile aikague adapta, kwa maana adapta iliyochoka huzifanya taa zicheze kama za ruta iliyozirai. Ikiwa ruta ni mali ya mtoa huduma, hatua ya kwanza ni kumpigia simu. Ruta kama hizo mara nyingi hufungwa kwa programu maalumu, na mkataba huenda ukamtaka yeye aishughulikie.

Hatua ya kwanza: kutafuta faili sahihi. Chini ya ruta kuna kibandiko chenye jina la muundo na namba ya toleo. Miundo miwili yenye jina moja lakini matoleo tofauti huweza kuwa na viungo tofauti kabisa, na faili la moja haliifai nyingine. Faili lipakuliwe kutoka kwenye tovuti ya mtengenezaji kwa kutumia data ya simu. Likiwa limefungwa katika kabrasha lililobanwa, lifunguliwe kwanza. Mtengenezaji akiwa ametoa namba ya uhakiki wa faili, namba hiyo ilinganishwe.

Hatua ya pili: kuunganisha kwa waya. Waifai haipo tena, kwa hiyo kipakatalishi kiunganishwe kwa waya wa mtandao kwenye mojawapo ya matundu ya ndani, si tundu la kuingizia intaneti. Waifai ya kipakatalishi izimwe. Kwa kuwa ruta iliyozirai haiwezi kugawa anwani, kipakatalishi kipewe anwani isiyobadilika iliyo katika kundi moja na ruta. Ikiwa ruta hutumia 192.168.1.1, kipakatalishi kinaweza kupewa 192.168.1.10, pamoja na kinyago cha 255.255.255.0.

Hatua ya tatu: kukiamsha kianzishi. Ruta izimwe. Kitufe cha kurejesha mipangilio kibonyezwe, kishikiliwe, kisha umeme uwashwe kitufe kikiwa bado kimeshikiliwa. Baada ya sekunde kadhaa taa ya umeme hubadili mwendo wake. Hiyo ni ishara kwamba kianzishi kimeacha kuiita programu iliyoharibika na sasa kinasubiri nyingine.

Hatua ya nne: kulituma faili. Watengenezaji wameweka njia tatu. Katika njia ya kwanza, kianzishi hutoa ukurasa mdogo wa dharura unaofunguliwa kwa kivinjari. Ruta nyingi za D-Link hufanya hivyo katika anwani 192.168.0.1. Katika njia ya pili, kianzishi husubiri kutumiwa faili kwa itifaki ya TFTP. Katika ya tatu, kianzishi chenyewe huja kulichukua faili kutoka kwenye kipakatalishi. Katika miundo kadhaa ya TP-Link, kipakatalishi hutakiwa kuwa na anwani 192.168.0.66 na programu ya kuhudumia faili, na faili lipewe jina tp_recovery.bin. Mwenye ruta hana budi kuthibitisha ni njia ipi inayohusu muundo wake kabla ya kuanza.

TFTP ni itifaki ya zamani, iliyochapishwa mwaka 1981 na kurekebishwa 1992. Haina nywila wala mapambo. Hutuma faili kwa vipande vya baiti 512, na kila kipande husubiri kukiriwa kabla ya kinachofuata kutumwa. Ufupi huo ndio unaoiwezesha kutoshea ndani ya kianzishi. Faili lisipopita, mara nyingi mzuiaji ni ukuta wa usalama wa kipakatalishi. Unaweza kuzimwa kwa muda, kisha urejeshwe.

Hatua ya tano: kusubiri. Faili likiisha kufika, ruta hujiandikia kwa dakika kadhaa. Huu ndio wakati wa hatari ile ile iliyotufikisha hapa, kwa hiyo waya wa umeme usiguswe. Ruta ikizinduka, mipangilio irejeshwe ya kiwandani, taarifa za mtoa huduma ziingizwe upya, na nywila ya msimamizi ibadilishwe.

Majaribio yote yakishindikana, fundi anaweza kuifungua ruta na kuzungumza na kianzishi kupitia pini zilizo kwenye bodi, ambazo kwa kawaida hutumia volti 3.3. Hapo si mahali pa kubahatisha, kwa kuwa volti kubwa zaidi huiua kweli.

6. Sarufi ya Maagizo

Hatua ya tatu hapo juu inastahili macho ya mwanaisimu. Tazama maagizo haya mawili:

(i) Bonyeza kitufe na uwashe umeme.
(ii) Huku ukiwa umekibonyeza kitufe, washa umeme. Usikiachie mpaka taa ianze kumetameta.

Sentensi ya (i) ni sahihi kisarufi, lakini haisemi kama vitendo viwili vinafuatana au vinakwenda sambamba. Msomaji wa kawaida atabonyeza, ataachia, kisha atawasha. Ruta haitazinduka, naye atahitimisha kwamba imekufa. Sentensi ya (ii) inatumia -ki- ya usambamba pamoja na -me- ya hali inayoendelea kuwapo, na hivyo kidole kinabaki mahali pake. Mofimu hizo zimefanya kazi ya fundi.

Hali kadhalika katika utambuzi wa hitilafu. Mteja akisema "taa inawaka", fundi hajaambiwa kitu. Akisema "taa imewaka", tunaelewa kwamba taa imeganda. Akisema "taa huwaka kisha huzima", hu- ya mazoea inatufahamisha kwamba kuna mzunguko, na mzunguko ni dalili kwamba kianzishi kinajitahidi. Tofauti ya -me- na hu-, ambayo wengi wetu tuliikariri kwa ajili ya mtihani, hapa inatenganisha dalili mbili.

Aidha, -ka- ya masimulizi humfaa fundi anayeuliza kisa cha hitilafu. "Nilianza kusasisha, stima ikapotea, ikarudi, ruta ikabaki na taa moja." Masimulizi hayo yana mpangilio wa matukio, na mpangilio huo unaelekeza kwenye ruta iliyozirai. Kisa kingekuwa "radi ilipiga, moshi ukatoka, taa zikazima", tungejua kwamba tunashughulika na mauti. Mwanafunzi wa fasihi aliyefunzwa kuuliza ni tukio gani lililotangulia lipi ana ujuzi ambao fundi anauhitaji.

7. Kinga na Swali la Kusasisha

Huenda msomaji akauliza: ikiwa hatari ni kubwa hivi, kwa nini tusiache kusasisha? Jibu lilitolewa mwaka 2018, programu hasidi iliyoitwa VPNFilter ilipogunduliwa ndani ya ruta na vifaa vingine vya mtandao visivyopungua 500,000 katika nchi 54. Programu hiyo iliweza kupeleleza mawasiliano, na hata kuiharibu programu dhibiti kwa makusudi. Ruta isiyosasishwa ni nyumba yenye mlango usiofungwa. Kinachotakiwa ni kusasisha kwa hadhari: kuchagua asubuhi yenye anga tulivu badala ya alasiri ya radi, kutumia waya badala ya waifai, kuhifadhi nakala ya mipangilio, na panapowezekana kuiwasha ruta kwa betri ya akiba yenye volti zilizoandikwa kwenye kibandiko.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba hatua zote za kuizindua ruta zinaweza kuelezwa kwa Kiswahili bila kupungukiwa. Si mara ya kwanza kwa lugha yetu kuingia katika uwanja huu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili, na istilahi nyingi za kompyuta zimesanifiwa tangu hapo. Hata hivyo, juhudi hizo zimetupatia zaidi majina ya vitu vinavyofanya kazi. Lugha ya vitu vinavyoharibika bado tunaiacha mikononi mwa neno moja, "imekufa".

Katika ukanda wa chai, ambako Mkipsigisi, Mkisii, Mluo na Mluhya hukutana shambani, kiwandani na sokoni, Kiswahili ndicho lugha ambayo fundi na mteja wana uhakika wa kuichangia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitaja Kiswahili katika ibara ya 7 kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, na ibara ya 46 inampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidike nayo kikamilifu. Kijitabu cha maelekezo asichoweza kukisoma hakimpi haki hiyo.

Kwa hiyo makala yanapendekeza mambo mawili. Kwanza, vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vichukue vijitabu vya vifaa vya nyumbani kuwa mazoezi ya tafsiri, na tafsiri hizo zijaribiwe kwa mtu anayezifuata akiwa na kifaa mkononi. Kifaa kisipozinduka, sentensi ipitiwe upya. Pili, wanaistilahi wanaposanifu jina la kifaa kipya, wasanifu pamoja nalo vitenzi vya kuharibika na kutengenezwa kwake. Mwenye ruta anayeweza kusema "imezirai" atauliza inazinduliwaje kabla ya kuuliza mpya ni pesa ngapi.